Lupango Yenye Nilipandia Yaya

Parsele yetu, kiwanja yetu ya mutaa wa Rwambuzi, ilikuwa njia. Sisemi ilikuwa karibu na njia, hapana, yenyewe ndio ilikuwa njia. Mutu mwenye anatoka ku robine ya maji na bidon ku kichwa, anapita mu uwanja wetu. Mutu mwenye amechelewa misa, anapita. Mutu wa moto, ile pikipiki, mwenye anakimbia mashimo ya barabara, anapita katikati ya jiko na kamba ya nguo, na anasalimia Mama muzuri kabisa, sawa vile yeye ndio mwenye nyumba na Mama ni mugeni. Mbuzi ya kartie yote ilijua kwetu. Mama alikuwa anaanika samaki ya Kasenyi ku meza ya fimbo, na ilikuwa lazima mutu akae pale na tawi mukononi, afukuze kuku na paka na bana ya shule. Ule mutu ilikuwa miye. Nilikomalia pale. Kama munasikia ninaongea kwa nguvu mpaka leo, ni juu ya ile kazi.

Hatukujali. Mutu anazoea. Mambo ilibadilika siku ile shangazi ya shemeki alipita.

Shemeki ni kijana wa batu ya ngombe, mwenye alikuwa anataka kuoa yaya, dada yangu mukubwa. Yaya ndio alinikomesha, alinilea mpaka nikakuwa mukubwa. Mama akishuka ku ziwa kutafuta samaki, ni yaya alinipikia, alinichapa, alinifundisha kusoma ku makaratasi yenye banafungia beignet, ile maandazi. Shule niliacha mapema, bingine yote nilijifunza miye mwenyewe. Mutu akigusa yaya, amenitia kidole mu jicho.

Basi ule mama, shangazi ya shemeki, alipita mu uwanja wetu na rafiki yake, anajifanya anatafuta njia ya mukato. Kumbe alikuja kuangalia nyumba yenye mutoto wa ndugu yake anatakia bibi. Akasimama katikati ya kuku. Akaangalia meza ya samaki, akaangalia kamba ya nguo, akaangalia moto moja yenye ilikuwa inapita. Akamuambia rafiki yake, na sauti ya kutosha siye wote tusikie:

"Hapa ni kwa batu ao ni soko?"

Yaya alikuwa anasafisha sahani. Akaacha sahani mu maji, akaingia mu nyumba. Miye nikainuka na tawi yangu ya kuku.

"Kaa chini," Mama akaniambia.

"Mama, umesikia vile—"

"Nimesikia. Ule ndio mutu mwenye bakwe wote banasikiliza. Kaa."

Nikakaa, lakini damu ilikuwa inachemka mpaka ku masikio. Vile alienda, nikafuata yaya mu chumba. Alikuwa anaangalia ukuta.

"Delegasio ya bakwe inakuja mwisho wa mwezi kuleta dot, mahari yangu," akasema. "Ule mama atakuwa mbele. Akisema hapana, ni hapana. Na atasema nimetoka mu nyumba yenye haina mbele haina nyuma."

"Bataona lupango. Nitazungusha uwanja yote, hakuna mutu atapita."

"Ya nini? Ya matofali? Tutatoa wapi?"

"Ya muti. Nitapanda. Ile siku atapiga hodi mpaka sauti yake ikauke."

"Muti inakomea mu wiki tatu?"

"Yangu itakomea."

Akacheka, na machozi ingali ku shavu. Kwangu ile ilitosha. Kama angeniomba lupango ya nyota, ningeenda kuomba ngazi.

Sasa, kuchagua muti ni kazi ya wazimu. Ukisema tu "ninataka kupanda lupango", kila mutu wa kartie anakuwa profesere. Baba mudogo, ndugu ya baba yetu, mwenye anasimama pa nafasi yake tangu baba alikufa, alikuja na kiti yake mwenyewe juu ya kunishauri.

"Kalitusi," akasema. "Inapanda mbio, na utauza na mbao."

"Kalitusi inakunywa maji ya kartie yote, baba. Jirani atatuua."

"Basi sipre."

Sipre ninapenda. Unaikata na makasi, inanyooka sawa ukuta, kama kwa masista. Lakini sipre haina haraka na mutu. Ukipanda leo, ni bajukulu ya yaya ndio batacheza kujificha nyuma yake. Bugenvilia, maua yake ata mufalme hana nguo ya vile, lakini ina miba, na Mama akasema hataki kuacha bitenge yake yote ku mulango wake mwenyewe. Kuna ile maua ya njano yenye inamea kando ya barabara ya Komanda. Unakata tawi, unasimika, imeshika. Mama akaniangalia tu. "Majani ya kando ya barabara. Mbele ya bakwe."

Ikabaki ule muti wa fimbo-fimbo, kijani, hauna majani, ukivunja unatoa maziwa nyeupe. Batu ya ngombe banazungusha nayo zizi, juu ata mbuzi yenye ina njaa haiigusi. Miye nilikuwa tayari kukata. Yaya akakataa.

"Ile maziwa ikiingia mutoto mu jicho? Bana ya hapa batafanya nayo vita. Hapana."

Kwisha. Yaya akisema hapana, ni sheria.

Nikaingia mu telefone. Nikakuta bwana moja wa kofia, inchi sijui gani, anapanda lupango mbele ya nyumba yake. Luga yake sikusikia ata neno, lakini mikono yake ilikuwa inaongea muzuri. Hakuchimba mustari murefu. Alifanya bitanda-bitanda ya udongo, moja hapa moja pale, anainua udongo juu sawa mukate, anazungusha mawe nyeupe, anasimika muti mu kila kitanda. Ilikuwa muzuri mpaka nikaangalia mpaka betri ikaisha. Nikasema: bwana wa kofia, weye na miye.

Kesho yake nikaenda kwa mama moja wa pepinyeri, kule mwisho wa muji, anauza miche mu bisashe ya plastiki. Nikaona muti moja, roho ikaruka. Shina imenyooka sawa soda, ule askari, ku parade, majani mirefu inaangukia chini sawa ulimi, kijani ya kung'aa. Na ilikuwa tayari inanifika ku kifua. Nilikuwa na wiki tatu tu, na ule muti ulikuwa umeshafanya kazi yangu ya myaka.

"Hii inazungusha parsele?"

"Inazungusha," akasema. "Batu banapanda ku mipaka pia."

"Inaweza kufa?"

"Ile haikufi. Ata batu basahau jina ya mutu, yenyewe itakuwa pale inasimama."

Nilipenda ile maneno sana. Nilirudilia mu roho.

"Unataka ngapi?"

"Mingi. Ya kujaza mbele yote, huku na huku."

Akaacha kumwangia miche maji. "Yote mara moja?"

"Yote mara moja. Bageni banakuja mwisho wa mwezi."

Akaniangalia, akaniangalia. "Pole, mwanangu," akasema na sauti ya chini, na akaniongezea miche mbili ya bure. Nilifikiri ni sura yangu. Nilirudi nyumbani ninapiga muluzi.

Nilipanda kwa furaha yenye sijawai kupata. Udongo wa kwetu ni mugumu, jembe inaruka mpaka inakuuma ku meno, lakini niliimba. Nilifanya bitanda pande mbili ya njia ya kuingilia, kila moja murefu wa mutu mwenye analala, udongo juu sawa mukate, vile bwana wa kofia alionyesha. Nikaokota mawe, nikapaka chokaa, nikazungusha. Nikasimika miche. Nikafunga njia ya batu na kamba. Baba mudogo akakuja na mikono nyuma ya mugongo.

"Hii imekaa ya heshima," akasema.

Mama akasema, "Iko propre." Mama akisema propre, ni kusema ameshangilia.

Na kitu chenye kilinishangaza, ni vile hakuna mupita-njia alinipigia kelele juu ya kufunga njia. Nilikuwa nimejipangia matusi ya kila mutu, ya wa moto tofauti, ya wa bidon tofauti. Hapana. Walikuwa banafika, banaona, banazunguka polepole. Muzee moja mwenye alitoka mbali akatoa kofia. Mutu wa moto akazima musiki. Nikasema mu roho: angalia vile batu banaheshimu kazi ya mukono.

Siye ni batu ya ziwa, munielewe. Kwetu kaburi ni saruji na musalaba juu, kwisha. Majani hatujui.

Usiku wa kuamkia siku ya delegasio mvua ilinyesha ya kubomoa. Asubui miche yangu yote ilikuwa imelala ku tope. Bamama banapika nyuma ya nyumba, yaya banamusuka mu chumba, hakuna mutu wa kunisaidia. Nikakimbia kukata fimbo. Kwa kila muche nikasimika fimbo moja ya kusimama, nikafunga ingine ya kulala juu yake, ili shina ishikilie pande mbili. Ilisimama muzuri sana. Nikaenda kuoga. Nikavaa kostime ya zamani ya baba mudogo, suti yenye mabega yake ilinifika mbele kuliko miye.

Nilikuwa ninafunga kravate ku shingo wakati nilisikia gari na moto inasimama. Kisha sauti ya mwanamuke inapasuka.

Nilichungulia ku dirisha. Shangazi ya shemeki alikuwa amesimama mbele ya bitanda yangu, mikono yote mbili ku kichwa.

"Tumechelewa," alikuwa analia. "Yayaya, tumechelewa, bameisha bote. Nyumba yote imeisha."

Nyuma yake bazee ya delegasio walikuwa banatoa kofia, mumoja mumoja. Muzee mwenye alikuwa na kazi ya kusema maneno ya dot akashika macho. Mbuzi yenye walileta, imefungwa ku moto, nayo ikaanza kulia. Na shemeki, shemeki mwenyewe na kostime yake mupya, alikuwa amepiga magoti mu tope mbele ya kitanda ya kwanza, anashika ule musalaba wangu wa fimbo sawa vile anataka kuungoa.

Sasa, bamama yetu nyuma ya nyumba, bakisikia bakwe banalia ku mulango, bangefikiri nini? Walifikiri delegasio imeleta habari ya kifo. Walitupa miko. Walikuja banakimbia, Mama mbele, na banalia na nguvu kuliko bageni, juu ni mambo ya heshima, hauwezi kuacha mugeni akushinde kulia kwako. Pande mbili ikakutana katikati ya bitanda. Walikamatana. Walilia ku shingo ya mutu na mutu. Baba mudogo akatoka na kijiko ya supu mukononi, akalia naye. Na hakuna ata mumoja aliuliza ni nani alikufa.

Yaya mu chumba alisikia sauti ya kufanana na ya shemeki ku kile kilio, akasikia vile inavunjika, akaelewa kwa njia yake: shemeki amekufa, na huyu ni ndugu yake analia. Bibi-arusi siku ya dot anafichwa mpaka baite jina yake. Yaya hakungoja jina. Alitoka pieds nus, bila biatu, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama sawa majani ya nanasi, kitenge inashikiliwa na mukono moja. Shemeki akainua macho. Akaona mutu mwenye alikuwa analilia anakimbia kwake na miguu yake mwenyewe.

Sijawai kuona batu wawili banakamatana vile mbele ya bazee. Ata kwa ndoa haikuwa vile.

Kilio kikapunguka polepole, sawa mvua yenye imekosa wingu. Batu wakaanza kuhesabiana. Mama akashika mikono ya shangazi.

"Mama, ni nani mwenye alikufa kwenu?"

"Kwetu? Ni kwenu."

"Kwetu hapana."

"Na hii yote?" Akaonyesha bitanda, mawe nyeupe, majani, misalaba. "Kwetu hii majani ni ya kaburi. Hakuna mutu anaipanda ku mulango. Nani alifanya hii?"

Batu ya kwetu wote wakanigeukia. Ata baba mudogo, mwenye alisema imekaa ya heshima, alinionyesha na kijiko.

Kama mutu angecheka pale, ingeisha pale. Lakini muzee wa maneno ya dot alikuwa amesharudisha kofia ku kichwa, na haikuwa kofia ya kucheka.

"Kwetu," akasema, "siku yenye kilio kimeingia mu parsele, neno ya ndoa haiingii. Machozi imeshaanguka. Tutarudi na mbuzi yetu. Mwaka ingine, Mungu akipenda, tutaona."

Nikaangalia yaya. Aliachilia mukono ya shemeki. Aliangalia chini, ku miguu yake yenye tope, na nikajua ataingia mu nyumba na hatatoka, sawa siku ile ya sahani. Na tena ni miye ndio nilifunga ile njia, na mikono yangu, na chokaa.

Kichwa ikapata moto. Baba mudogo alinifinya, sikusikia.

"Muzee, ile si kaburi, ni lupango. Nilipanda miye. Mulilia bure, basi kila mutu achukue machozi yake arudi nayo, lakini yaya haongezewi mwaka juu ya majani. Na huyu mama ndio alisema hapa ni soko. Sasa soko imefungwa, bado anapiga kelele."

Ata mbuzi ilinyamaza.

Shangazi akanikaribia. Alikuwa mukubwa, na manukato yake ilifika mbele yake. Akagusa jani moja, akaangalia musalaba wangu wa fimbo, akaangalia mabega ya kostime.

"Weye ndio ulipanda hii yote? Juu ya ile neno yangu moja?"

"Juu ya yaya."

"Na kama ningesema maneno mbili, ungepanda nini?"

"Pori."

Midomo yake ikatetemeka. Sikujua kama ni hasira. Akageukia Mama.

"Baba ya hawa bana iko wapi?"

"Alishakufa," Mama akasema. "Alikufa njiani, akifuata mizigo. Tulimuzika Komanda mbio-mbio, ata saruji hatukupata."

"Na kwetu, ni nani alikuja kumulilia?"

"Hakuna. Hatukuwa tunajuana."

Shangazi akamuangalia muzee wa maneno. "Umesikia? Kuna marehemu wa hii nyumba, na siye bakwe hatukumulilia. Tulikuwa na deni ya kilio. Leo tumelia. Nani hapa anasema tulilia bure?" Muzee akafungua kinywa. "Matanga imeisha," akamukatia. "Lete maji."

Yaya mwenyewe akaleta basine ya maji. Kwetu na kwao, ile moja iko sawa: mukitoka ku kaburi, munanawa mikono mbele ya kuingia. Basi bakwe wakanawa, mumoja mumoja, pale mu mulango ya lupango yangu, na muzee wa maneno akanawa wa mwisho, polepole, sawa mutu mwenye bado anatafuta kifungu ya sheria mu maji. Vile alikausha mikono, shangazi akaangalia tena mabega ya kostime yangu, na kicheko yake ikatoka. Ilianzia ku tumbo, ikapanda, akashikilia Mama asianguke. Mama akaanguka naye. Nafikiri kartie yote ilisikia, na mutu mwenye alikuja kutoa rambirambi akakuta bamama wawili banajiviringisha juu ya kaburi.

Shangazi alitoa sharti moja: ndoa haitapita katikati ya makaburi. Miche iongolewe sasa. Wanaume wakavua makoti, wakakunja suruali, wa kwetu na wa kwao, na kravate ku bega. Muzee wa maneno alisema ataangalia tu, kisha akaona namna baba mudogo anashika jembe, akakosa uvumilivu, akamunyanganya. Niliweka miche yote mu gunia.

Ndani, maneno ya dot ilienda muzuri, mpaka miye nikainua kidole.

"Na lupango?"

"Lupango gani tena," muzee akasema.

"Yangu mumeongoa. Mutalipa ingine. Ule muti wa maziwa, wa zizi yenu."

"Tangu lini mutu anaombea dada yake fimbo?"

"Tangu leo."

Nikageukia mulango ya chumba, juu yaya alikuwa ameshakatalia ule muti. Tukasikia sauti yake nyuma ya pazia: "Muache balete. Bana nitabafundisha miye."

Shemeki alileta fimbo mwenyewe, mizigo ya moto ya kutisha, na alisimika pamoja na miye kutwa yote, baba mudogo anatushauri ku kiti yake, amevaa miwani ya jua juu ya ile maziwa. Na siku ingine tukafunga lile gunia ku moto, miye na shemeki, tukaenda Komanda. Shangazi alikuwa ametufundisha: moja ku kichwa, moja ku miguu, bingine kuzungusha. Alisema kaburi yenye haina ile majani inapotea, na alisema kweli, tulitafuta ya baba mu majani mpaka shemeki akakwaa musalaba wake na muguu. Mchwa ilikuwa imekula nusu.

Njiani tulipita pepinyeri. Ule mama akaona miche yake inatoka mu gunia.

"Miche iko inabaki?" akauliza na woga.

"Kumbe marehemu ni mumoja tu, mama," nikamuambia. "Ni baba."

"Pole, mwanangu."

"Aksanti."

Leo yaya iko kwake. Lupango imenipita urefu, imefungana sawa mukeka, ata kuku inatafuta njia. Shangazi anakuja kila mara kununua samaki kwa Mama. Ninasikia sandale yake huko inje, inaenda mpaka kona, inarudi, inatafuta mulango.

"Hodi," anasema.

Miye niko ku kiti, na tawi yangu mukononi.

"Hodi jamani. Weye wa makaburi, najua uko pale."

"Mufungulie mama ya batu," Mama anasema.

"Apige mara ingine kwanza."